Sadaka inayogharimu: mwongozo wa mwezi wa kwanza

Jumapili nyingi, tukishamaliza kuhesabu sadaka na kufunga kitabu, kuna mtu ananisubiri nje ya ofisi ya usharika. "Shikamoo mzee, nina swali dogo." Swali lenyewe nalijua kabla hajafungua mdomo. Fungu la kumi natoa kabla ya makato au baada? Nina deni, nitoe au nisubiri? Mama yangu kijijini hana hela ya dawa, nimpelekee yeye au nipeleke kanisani? Mimi sina kazi, nitoe nini? Nimeyajibu maswali haya kwenye ngazi za kanisa, kwenye daladala, hata msibani. Sasa nimeamua kuyaandika mahali pamoja.

Sina mpango wa kukufundisha theolojia. Mchungaji wako, padri au mwinjilisti yupo. Chukua habari moja tu. Mfalme Daudi alitaka kumjengea Bwana madhabahu kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna. Arauna akamwambia chukua bure, uwanja, ng'ombe, mpaka kuni. Daudi akakataa. Alisema hatamtolea Mungu wake sadaka isiyomgharimu kitu, akalipa shekeli 50 za fedha (2 Samweli 24:24). Kipimo tutakachotumia hapa ni hicho: imekugharimu nini? Siulizi umetoa shilingi ngapi. Sisi wa meza ya kuhesabia tunaziona noti zilivyo. Kuna elfu kumi iliyonyooka, haijawahi kukosa wenzake. Kuna mia tano iliyokunjwa mara nne, inanuka dagaa, na unajua kabisa ilitoka kwenye upindo wa khanga.

Mwongozo huu ni wa siku 30. Umeandikwa kwa mtu anayeanza, mwenye mshahara au asiye nao.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu. Simu nayo inafaa, ila daftari halikuletei ujumbe wa mchango wa harusi ukiwa katikati ya hesabu.
- Taarifa ya miamala ya simu yako ya mwezi uliopita. Kampuni ya simu inakutumia ukiomba.
- Bahasha tatu. Za kaki zinatosha.
- Jina la mtu mmoja. Usiandike "maskini" wala "wahitaji". Andika jina la mtu unayemfahamu, ambaye unajua anapoishi.
- Saa mbili kwa wiki.
- Kama una mume au mke, mazungumzo ya jioni moja. Ukianza kwa kumficha utaishia kugombana, na sadaka ndiyo itakayolaumiwa.

Hatua ya 1: Lipa kwanza cha watu

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kabla hujafungua bahasha yoyote, andika majina ya watu ambao jasho lao liko mfukoni mwako. Dada wa kazi ambaye hujamlipa miezi miwili kwa sababu "anakula hapa hapa". Fundi aliyekushonea kitenge cha Pasaka. Mangi wa dukani ambaye kitabu chake cha madeni kina jina lako kurasa tatu. Ndugu uliyemkopa ada ukaanza kutopokea simu zake. Hao ndio sadaka yako ya kwanza, na siyo hata sadaka, ni chao. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinamfikia Bwana. Hebu fikiri kelele hizo zinaingia ibadani pamoja na wimbo wako wa sadaka.

Mathayo 5:23-24 inataja hali hii hii: ukikumbuka penye madhabahu kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako pale, nenda mkapatane kwanza. Zakayo naye aliposhuka kwenye mkuyu alifanya mawili kwa pamoja, nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu. Wazee wetu waliopitia uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 walilielewa vizuri. Watu waliokoka, kisha wakaanza kurudisha: majembe, ng'ombe, vitu vya waajiri walivyoondoka navyo. Aibu ya kurudisha jembe la mtu ni gharama kubwa kuliko kununua jipya.

Unachofanya ni hiki: mtu mmoja kwenye orodha mlipe wiki hii, hata kwa sehemu. Wengine nenda kwao, waambie tarehe. Usitume ujumbe, nenda.

*Tahadhari:* mkopo wa benki au wa kikoba unaoulipa kwa utaratibu mliokubaliana si kizuizi. Ungesubiri nyumba iishe kulipiwa ndipo utoe, ungezeeka na mikono mitupu. Ninaowasema hapa ni wale unaowakwepa njiani.

Hatua ya 2: Jua hela yako inakwenda wapi

Jioni moja, kaa na ile taarifa ya miamala. Andika makundi: chakula, nauli, kodi, ada, bando na vocha, makato ya kutuma na kutoa hela, michango, vya kula njiani. Jumlisha. Usijihukumu, jumlisha tu. Wengi hushtuka kwenye bando na kwenye chipsi.

Zungushia duara mambo matatu unayoyapenda na unaweza kuishi bila hayo kwa mwezi mmoja.

Hatua ya 3: Chagua kimoja uache

Kimoja. Si vitatu. Anayeanza kwa vitatu tunamkuta amerudia vyote vitatu ikifika wiki ya pili.

Ukiwa unakunywa soda kila siku, na tuiweke shilingi 1,000 kwa hesabu rahisi, siku 30 ni 30,000. Ukiacha bando la usiku, andika ni kiasi gani. Wengine huchagua kufunga mlo mmoja kila wiki na kuitoa bei ya mlo huo, na hilo limekaa vizuri na Isaya 58, ambapo mfungo unapimwa kwa mkate uliomegewa mwenye njaa. Ukifunga kisha ukabaki na hela ya chakula mfukoni, umebana tu matumizi. (Mjamzito, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo na anayemeza dawa za kila siku achague kitu kingine. Hakuna anayekudai mfungo huo.)

Makosa mawili nayaona hapa.

La kwanza ni kuacha kisichokuuma. Kijana aliniambia kwa furaha ameacha bia kwa Kwaresima nzima. Nikamuuliza alikuwa anakunywa ngapi. Hanywi.

La pili ni baya zaidi: kujinyima kwa tumbo la mwingine. Baba anapunguza hela ya mezani ili aongeze ahadi yake kanisani. Anayejinyima hapo ni mama na watoto, anayesomwa jina na kupigiwa makofi ni baba. Kama kitu unachoacha kinatoka kwenye sahani ya mtu mwingine, hicho si chako kutoa.

Hatua ya 4: Tenga siku ile ile hela inapoingia

Paulo aliwaagiza Wakorintho kila mtu aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake (1 Wakorintho 16:2). Alijua kinachotokea ukisubiri mpaka sahani ya sadaka ifike mbele yako. Unaingiza mkono mfukoni, unapapasa, unatoa noti iliyo ndogo kuliko zote kwa kuihisi kwa vidole bila kuitazama. Tumeshafanya wote.

Basi tenga mapema. Kiasi gani? Hapa ndipo maswali yanapojaa.

*Mwenye mshahara.* Kabla ya makato au baada? Ushauri wangu kwa anayeanza: anza na unaoingia mkononi. Ukipokea 450,000 mkononi, fungu la kumi ni 45,000. Imani ikikua ukataka kuanzia mshahara kabla ya makato, vizuri. Ila anayehesabu mkononi akumbuke kwamba michango ya uzeeni imekatwa na itarudi kwake siku moja. Siku hiyo asijifanye amesahau kutoa.

*Bodaboda na bajaji.* Hesabu ya tajiri, yaani ile unayompelekea mwenye chombo kila siku, si mapato yako, mafuta si mapato yako. Tuseme umeingiza 35,000, umepeleka hesabu 10,000, mafuta 9,000. Imebaki 16,000. Fungu la kumi ni 1,600. Lifanye kila jioni kabla hujafika nyumbani. Ukisubiri mwisho wa mwezi hutakumbuka hata siku uliyopata vizuri.

*Mama lishe, muuza genge, mwenye duka.* Mtaji usiuguse. Nimewaona wanawake wawili wakitoa fungu la kumi kwenye mauzo yote, bila kuondoa bei ya unga na mkaa, na baada ya miezi michache biashara imekufa na sadaka imekufa nayo. Toa kwenye faida.

*Mkulima na mfugaji.* Huna haja ya kugeuza kila kitu kuwa shilingi. Debe la kumi la mahindi, mkungu, mayai, kuku, vyote vinapokelewa. Kwenye sharika nyingi vinapelekwa mnadani baada ya ibada, na mkungu wa ndizi uliotoka kwa bibi mmoja unaweza kununuliwa na kutolewa tena mara tatu.

Kama fungu la kumi limekushinda mwezi huu, anza na kiasi kidogo lakini kisichobadilika. 2 Wakorintho 8:12 inasema sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo.

*Onyo kali:* usikope ili utoe. Hasa ile mikopo ya kausha damu, ya mtaani yenye riba kubwa. Nimemjua mtu aliyekopa ili atimize ahadi ya ujenzi, akaja kunyang'anywa friji na godoro. Hakuna madhabahu iliyoomba godoro lake.

Hatua ya 5: Gawa kwenye bahasha tatu

Juu ya kila moja andika neno moja.

Kanisa. Umeme wa kanisa haulipwi kwa maombi. Mwinjilisti wa mtaa wa mbali anapanda bodaboda kama wewe.

Jina. Ile bahasha ya yule mtu mmoja uliyemwandika.

Mlango. Hii ni ya atakayebisha hodi bila kutarajiwa: jirani aliyefiwa, mtoto aliyerudishwa shule kwa kukosa sare. Isipotumika mwezi huu inabaki mwezi ujao.

Kama kanisa lako linafundisha kwamba fungu la kumi lote liletwe ghalani, kwa msingi wa Malaki 3:10, usishindane nalo. Bahasha ya Kanisa ipate fungu la kumi, hizo mbili zijazwe na kile ulichokiacha kwenye Hatua ya 3. Ndiyo maana nilikuambia uache kitu. Na ukitaka kusoma zaidi, tazama Kumbukumbu la Torati 14:28-29: kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa malangoni, wakala Mlawi, mgeni, yatima na mjane.

Sasa lile swali la mama na dawa. Dawa ya mama usiiweke kwenye bahasha yoyote kati ya hizi. Iweke kwenye bajeti ya nyumba, pamoja na kodi na unga. Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, imewekwa wakfu, ili wasimsaidie baba na mama (Marko 7:11-13). Na 1 Timotheo 5:8 iko wazi kwa asiyewatunza watu wa nyumbani mwake. Mzazi hapewi masalia ya sadaka, na sadaka haipewi masalia ya mzazi.

Jambo dogo lakini linasema mengi: unapomtumia, tuma *na ya kutolea*. Ukimtumia mama elfu kumi kamili, akifika kwa wakala anapata pungufu, na dawa ina bei moja. Zile shilingi za kutolea ndizo zinazoonyesha ulimfikiria mpaka pale dirishani kwa wakala, hukuishia kwenye kubonyeza namba ya siri.

Hatua ya 6: Toa kizuri

Malaki 1:8 inawacheka watu waliomletea Mungu wanyama vipofu na vilema. Nabii anawaambia, haya, mpelekee liwali wako huyo tuone kama atakupokea.

Mwaka fulani usharika ulikusanya nguo za watoto yatima. Nikajaza mfuko, nikajiona mtu. Mke wangu akaufungua mezani, akatoa shati moja lisilo na kola, akalishika juu, akaniuliza, "Hili unampa nani, adui yako?" Tangu siku hiyo nguo ikitoka nyumbani kwangu imefuliwa, imepigwa pasi, vifungo vyote vipo. Kama imefikia kuwa dekio, ifanye dekio.

Chakula vile vile. Peleka unachokula wewe. Ukipika pilau Krismasi, sahani ya jirani ijazwe kabla wageni hawajakaa mezani. Ukoko usipelekee mtu.

Kuna namna nyingine ya kutoa ambayo haiingii kwenye bahasha. Walawi 19:9-10 iliwaagiza wavunaji wasivune mpaka pembe za shamba wala wasiokote masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni. Ruthu aliishi kwa masazo hayo. Mkulima anajua la kufanya. Mtu wa mjini je, pembe zake ziko wapi? Naona ziko kwenye chenji na kwenye kubishana bei. Bibi anauza fungu la mchicha, na wewe umesimama juani dakika tano unambana mia, kisha unaingia supamaketi kulipa bei iliyobandikwa bila neno. Acha hiyo mia. Hiyo ndiyo pembe ya shamba lako.

Hatua ya 7: Toa muda unaouma

Hela ni rahisi kuliko jioni ya Jumamosi, hasa kama kuna mechi. Zile saa mbili kwa wiki zipangie kazi maalumu: kumchotea maji mzee asiye na mtu, kukaa na watoto wa mjane ili aende sokoni, kumpokea ndugu wa mgonjwa zamu ya usiku ili naye alale.

Kwa kuwa wengi huchagua kutembelea wagonjwa, na wengi hukosea, shika haya:

1. Uliza saa za kuona wagonjwa, na uliza mgonjwa ameruhusiwa kula nini. Usibebe chapati kwa mtu anayesubiri upasuaji.
2. Kaa muda mfupi, robo saa mpaka nusu saa.
3. Usimsimulie jirani yako aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. Sitanii, nimekaa kando ya vitanda na kuyasikia.
4. Ombeni kwa sauti ya chini. Kitanda cha pili kuna mtu anayetafuta usingizi, na huenda ni Mwislamu.
5. Unapotoka, muulize anayemuuguza, "Wewe umekula?" Mara nyingi huyo ndiye anayeanguka baadaye.

Na ukiwa na afya, kuna zawadi nyingine isiyohitaji mshahara: damu. Hapa Tanzania mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Inachukuliwa chini kidogo ya nusu lita. Kula na kunywa maji ya kutosha kabla, na siku hiyo usibebe mizigo mizito. Hutajua nani aliipata, naye hatajua ilitoka kwa nani, na hilo linatufikisha hatua inayofuata.

Hatua ya 8: Funga mdomo

Mkono wa kushoto usijue (Mathayo 6:3). Kwa siku hizi maana yake: usipige picha. Usiweke kwenye grupu la familia. Usimpe mtu kilo mbili za sukari halafu ukamsimamisha mbele ya kamera, sukari mkononi, macho chini.

Namna ya kuficha ni rahisi. Ada ya mtoto lipa moja kwa moja shuleni, stakabadhi mpe mzazi wake bila maelezo mengi. Dukani kwa mangi, lipia deni la mtu na umwombe mangi aseme tu "limeshalipwa". Mangi wengi wanajua kutunza siri kuliko sisi wazee wa kanisa.

Mnaoulizana ndani ya ndoa mmesamehewa. Mume au mke si mkono wa kushoto.

Hatua ya 9: Siku ya 30, fungua daftari

Jibu kwa ufupi: nani nimemlipa? Kipi kiliniuma? Yule mtu wa bahasha ya pili hali yake ikoje leo? Kama swali la tatu huna jibu, ulituma hela tu. Mwezi ujao nenda ukamwone.

Mambo yakikwama

"Mwenzangu hataki." Usitoe cha nyumba kwa nguvu. Toa kwenye kilicho chako binafsi: soda yako, bando lako, usingizi wako. Wengi waliokuja kukubali walikubali baada ya kuona mwenzao anapungua kwake mwenyewe.

"Niliyemsaidia sasa ananiomba kila wiki." Hapo tumia bahasha kama mpaka. Mwambie kwa heshima, "Mwezi huu kilichokuwepo nimeshakupa, tuonane tarehe mosi." Kisha kaa naye muulize nini kingemfanya asihitaji kuomba: mtaji wa vitumbua, nauli ya kwenda kufuatilia mafao, kitambulisho. Mara nyingine mtu anaomba elfu mbili mara ishirini kwa sababu hakuna aliyemwuliza kuhusu ile elfu arobaini.

"Niliahidi mbele ya watu nikashindwa." Karibu kwenye chama. Siku moja ya harambee ya bati, kwaya imepamba moto, niliinua mkono nikataja kiasi ambacho mdomo ulikijua na mfuko haukukijua. Miezi miwili nikawa naingia kanisani kwa mlango wa nyuma. Dawa ni kwenda kwa mchungaji au mhazini mwenyewe, kutaja unachoweza kwa mwezi, na kuanza kulipa kidogo kidogo. Kuanzia sasa, andika ahadi nyumbani kabla ya harambee, uende na karatasi. Kwaya ikiimba, soma karatasi.

"Natoa lakini sioni kurudishiwa." Nani alikuambia utarudishiwa mara mia kufikia Ijumaa? Ukisikia mtu anakutajia namba ya simu ya "kupanda mbegu" na muda wa muujiza, funga redio. Mjane wa Marko 12 aliweka senti mbili zote alizokuwa nazo, na habari yake inaishia hapo. Hatuambiwi kesho yake alipata nini.

"Siwaamini wanaoshika fedha kanisani." Una haki ya kuuliza. Nenda mkutano mkuu wa usharika, omba taarifa ya mapato na matumizi, soma. Kama sadaka zinahesabiwa na mtu mmoja peke yake, pendekeza wawe watatu na wote wasaini. Au jitolee kuhesabu. Wanaonung'unika nje ni wengi, wanaokubali kubaki saa nzima baada ya ibada kutenganisha noti wamebaki wachache.

"Nimetuma hela kwa mhitaji, kumbe tapeli." "Ile hela tuma kwenye namba hii" imewapata hata wachungaji. Piga simu usikie sauti kabla hujatuma, soma jina linalotokea kabla ya kubonyeza, na ukiibiwa ripoti kwa kampuni ya simu mara moja. Usiifanye kuwa sababu ya kumnyima anayekuja keshokutwa akiwa na cheti cha hospitali mkononi.

"Nimeruka wiki mbili." Anza na Jumapili hii kwa kiasi cha Jumapili hii.

"Sina kitu kabisa, mzee." Hili huulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Yule mwanamke wa Bethania alimimina marhamu ya nardo yenye thamani ya dinari zaidi ya 300, karibu mshahara wa mwaka mzima wa kibarua, na waliokuwapo wakalalamika kwamba imepotea bure. Yesu hakumsifu kwa bei. Alisema ametenda alivyoweza (Marko 14:8). Basi unaweza nini? Una sauti, njoo kwaya. Unajua kusoma, kuna bibi kwenye jumuiya yenu ambaye macho yamekwisha na anatamani zaburi. Una miguu, kuna mgonjwa anayehitaji mtu wa kumfuatia dawa. Na kama hata hivyo huoni pa kuanzia, Jumamosi saa tisa alasiri huwa tunafanya usafi wa kanisa, na hatujawahi kufika watu saba. Njoo na fagio. Maji yapo.